Vioo vya Babu Injinia

Udongo mwekundu ukikatwa mbichi una harufu yake, kama chuma kilicholoa. Wiki iliyopita nilipita mahali wanapopanua barabara, mvua imenyesha asubuhi, na harufu ile ikaniingia ndani ya gari. Nilisimamisha gari kando. Niliyekuwa naye aliniuliza nina nini. Nikamwambia nimemkumbuka babu yangu, hakunielewa. Nyinyi nitawaeleza vizuri.

Babu alikuwa mhandisi wa barabara, na kijijini kwetu, upande wa Irente, wakubwa kwa wadogo walimwita Mzee Injinia. Alipostaafu alirudi nyumbani na bibi, akamjengea nyumba kwenye bega la mlima. Ukikaa barazani ulikuwa unaliona bonde lote, na siku isiyo na ukungu uliona hadi tambarare ya chini kabisa. Mwaka wa pili bibi akapatwa na kiharusi, miguu ikafa na mkono mmoja. Tangu siku hiyo babu hakumwachia mtu mwingine kazi ya kumhudumia. Alimwogesha, akampoozea uji, hata nywele alimsuka mwenyewe, mistari minene iliyopindapinda. Bibi akijitazama kwenye kioo husema, "Mgoshi, hizi kona umezitoa barabara ya Soni." Mgoshi ni mwanamume kwa Kishambaa, na sikuwahi kumsikia akimwita vingine.

Mimi nilikuwa nakaa nao kwa sababu mama alikuwa muuguzi Tanga. Nilikuwa na miaka tisa.

Masika ya mwaka ule yalianza mapema na hayakupumzika. Kwanza mlango wa stoo uligoma kufunga. Babu akaupiga randa. Baada ya wiki ukagoma tena, na safari hii hakuchukua randa. Aliutazama kwa muda mrefu, kisha akazunguka nyuma ya nyumba, pale mlima ulipokatwa ili nyumba ipate nafasi, akapanda juu ya ukingo. Nilimfuata. Kwenye majani kulikuwa na ufa mrefu, mweusi. Babu akaingiza mkono mzima mpaka kwenye kiwiko, akautoa taratibu, akaufuta kwenye suruali yake safi. Babu hakuwa mtu wa kujifutia kwenye nguo.

Kesho yake alivunja kioo cha dirisha bovu, akabandika vipande vyake kwa saruji juu ya nyufa za ukuta wa nyuma.

"Ukuta ukisogea sisi hatuoni," aliniambia. "Kioo kitapasuka, tutajua."

Basi nikawa nafanyia kazi zangu za shule katika chumba chenye vioo vinane ukutani, na kila mara nikavihesabu. Babu alihamisha kitanda cha bibi kwenda chumba cha mbele, akisema apate jua. Jua lenyewe hatukuwa tumeliona kwa siku tisa. Akafunga miti miwili mirefu kwenye kiti chake cha mikono. Bibi alipouliza, akajibu kwamba atambeba kwenda harusini. Harusi ya nani, hakusema.

Akateremka kwa Mzee Hoza, jirani yetu wa chini aliyelima kabichi, akamwomba ahamishe watoto. Mzee Hoza alimsikiliza kwa adabu. Lakini jioni dukani watu walicheka kwamba Injinia anaupima mlima kama fundi cherehani anayempima bwana harusi. Nilicheka na mimi kidogo. Kisha chemchemi yetu, ambayo siku zote ilikuwa na maji meupe, ikaanza kutoa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na babu akaacha kumaliza chakula chake.

Ilikuwa Alhamisi, baada ya sala ya adhuhuri. Nilisikia mlio mdogo, tik, kama mtu aliyevunja njiti ya kiberiti. Nikatazama ukutani. Kioo cha tatu kilikuwa vipande viwili. Kabla sijaita, cha nne nacho kikalia.

Babu aliingia, akaweka kiganja ukutani kama anayempima mtoto homa. "Amina, vaa viatu," akasema kwa sauti ya kawaida. Kisha akatoka barazani kumwita Mzee Hoza. Na Mzee Hoza, sitamnyima haki yake, alipanda mbio na wanawe wawili.

Bibi ndiye aliyekataa. Alishika nguzo ya baraza kwa mkono wake mzima.

"Sitoki, Mgoshi. Nyumba hii ulinijengea mimi. Kama ina ubaya, nieleze ubaya wake."

Babu akapiga magoti mbele yake, kwenye saruji iliyolowa. Mzee Hoza akatazama pembeni.

"Ubaya ni wangu," babu akasema. "Nilikosea hesabu. Huu mlima niliukata vibaya. Nisamehe, twende."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Bibi alimtazama, kisha vidole vikaachia nguzo kimoja kimoja.

Tukateremka, wanaume wanne na kiti, mimi nimeshika mti mmoja. Mke wa Mzee Hoza na watoto wakatufuata kwa kutaka kuona tu, na kutaka kuona huko ndiko kulikowaokoa. Tulipofika barabarani mlima ulitoa sauti kama lori linalomwaga mawe, ila haikuisha. Mikaratusi ya juu ilishuka imesimama wima, kama watu wanaotembea. Ikaingia nyumbani kwetu kwa mlango wa nyuma. Baraza lilibaki kidogo, nalo likaenda. Kisha jiko la Mzee Hoza, kisha kabichi zake zote.

Hakufa mtu. Lakini habari iliyosambaa haikuwa hiyo. Ilisambaa kwamba Injinia alikosea, na amekiri mwenyewe. Waliokuwa wakimwita kutazama kuta na makalavati waliacha kumwita. Shuleni niliona aibu, nikawa nasema nyumba yetu ilichukuliwa na mafuriko. Siku moja nilimuuliza, "Babu, ulikosea wapi?" "Pale mwanzo kabisa," akasema, akarudi kumsuka bibi. Alifariki kabla sijamaliza sekondari.

Mzee Hoza ndiye aliyenieleza, mwaka juzi, nilipokwenda kumsalimia. Alikuwapo siku babu alipochimba mashimo ya kupimia udongo. Babu alisema waziwazi kwamba pale hapajengeki, akaonyesha kiwanja kingine karibu na barabara. Bibi akajibu kwamba miaka yote amemfuata kwenye mahema na kambi za barabara, mahali pa kulala pakichaguliwa na wengine, na sasa anaomba achague yeye mara moja tu. Babu akakubali, akafukia mashimo. Kisha akachimba mifereji, akajenga kuta za mawe, akafanya kila alilolijua ili mlima usubiri.

Bibi ninaishi naye mimi sasa. Kiharusi kilimchukulia mengi ya zamani, na siku ile ya mashimo haikumbuki. Wageni wakija huwaeleza kwamba mumewe alikuwa mtu mwema, ila mlima ulimshinda akili. Mara ya kwanza nilipomsikia akisema hivyo baada ya kutoka kwa Mzee Hoza, nilifungua mdomo nimweleze. Nikamwona anavyotabasamu, jinsi alivyomsamehe mumewe kwa moyo mweupe kabisa, nikaenda kuchemsha chai.