Kila Jumatatu Naonyesha Mkono Wangu na Kusema Uongo

Barua hii imetoka kwa kijana wa hapa Kindu. Ameomba tumfiche, na majina yaliyomo siyo ya kweli. Tunaiweka kama alivyoiandika.

Wasomaji wenzangu, nawasalimu. Mimi ni kijana wa miaka kumi na minane, bado sijaoa. Baba alifariki, naishi na mama na dada zangu wadogo. Mkono wangu wa kulia umebaki na kidole gumba peke yake. Vingine vilikwenda na mashini ya kukoboa mpunga. Barua hii nimeiandika kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono huo huo ninakula, kwa hiyo kwenye karamu husubiri wengine wamalize ndipo nijitenge na sahani yangu.

Niliingia kiwandani hata ndevu sijaota. Asubuhi ya kwanza kapita, msimamizi wetu, alinipa fagio akasema, "Fagia pumba kule chini ya mashini, upesi." Mafunzo yangu yalikuwa hayo tu. Mkanda wa ngozi unaozungusha mashini ulikuwa wazi, maana kifuniko chake kilikuwa kimeondolewa ili kazi isicheleweshwe. Siku moja fagio likanaswa, nami kwa kuogopa kulipoteza nikalivuta badala ya kuliachia. Maumivu siyakumbuki vizuri. Nakumbuka nilipiga kelele na mchele ukaendelea kumwagika kama kawaida, kwa sababu kapita peke yake ndiye aliyejua kuzima, naye alikuwa ghalani.

Nilipotoka hospitali niliogopa kufukuzwa. Lakini Mzungu wa kiwanda aliniita, akaniambia kwa upole, "Kazi yako iko. Utafundisha batoto wapya." Mama alilia kwa furaha. Kumbe kufundisha kwenyewe ni hivi: kila Jumatatu vijana wapya wanapangwa uani, nasimama mbele yao, nafungua kitambaa kinachofunika mkono, nauinua. Kisha nasema maneno niliyopewa: "Mutazame. Miye nilifundishwa, lakini nilikuwa na kichwa nguvu, sikusikia. Musiguse kitu bila ruhusa ya kapita." Wengine hugeuza uso. Wengine hucheka, na jioni nikipita sokoni nawasikia wakiniita Bwana Gumba.

Uongo ule ulinichoma tangu siku ya kwanza. Lakini nilijipoza moyo. Nilijiambia, hata kama maneno si ya kweli, mkono ni wa kweli, na mtoto akiuona atakaa mbali na mkanda. Na kweli, muda mrefu ulipita bila mtu kuumia. Nikaanza hata kujiona mwalimu.

Kisha akaja Amisi, mtoto kutoka Kailo, mpole, mwenye kusikia anachoambiwa. Siku ile ya somo alinitazama bila kupepesa. Wiki chache baadaye mkono wa shati lake ulikamatwa na mkanda. Nilikuwa nje nashona magunia, nikasikia mtu anaita, "Kapita! Kapita! Kapita!" Nilipoingia nilimwona anavutwa, mkono wake mwingine uko huru kabisa, na kishikio cha kuzimia mashini kiko pale pale karibu yake. Hakukigusa. Alikuwa anaita tu. Nilirukia kishikio kile nikakivuta kama nilivyozoea kumwona kapita akifanya, mashini ikanyamaza. Mkono wake ulikuwa umevunjika mara mbili, lakini alikuwa hai.

Mzungu alikuja amekunja uso. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Nani alisimamisha mashini?" Nikasema ni mimi. "Kapita alikupa ruhusa?" Watu wote walinitazama, na Amisi bado amelala kwenye pumba.

Nilikwenda kumwona hospitalini. Baba yake alikuwa ameketi chini kando ya kitanda, akanishukuru na kunishika magoti. Nilitamani ardhi ipasuke. Amisi akaniambia, "Kaka, niliita kapita sawa vile ulitufundisha. Niliita sana. Yeye hakusikia." Hakuwa ananilaumu. Alitaka nijue kwamba alitii.

Wasomaji, tangu siku ile usingizi umenikimbia. Nilimwendea Mzungu nikamwomba, "Bwana, uniache nibadilishe somo. Niwaonyeshe kishikio kwanza, kila mtu ajue kuzima. Na kifuniko kirudishwe." Akanijibu, "Useme sawa vile ulizoea. Batoto bakizoea kusimamisha mashini, hakuna kazi tena. Kama hutaki, iko bengine wa kusimama pale." Kapita alinivuta pembeni akasema, "Mudogo wangu, wewe na mukono huo, nani atakupa kazi ingine?"

Mama, ambaye zamani alinung'unika kwamba wananionyesha kama nyama ya sokoni, sasa amegeuka. "Mukono ulikwisha kwenda, mwanangu," ananiambia. "Usipeleke na chakula cha dada zako." Simlaumu. Anajua njaa ilivyo.

Jumatatu hii wanakuja wapya. Nimesikia wengine wametoka mbali, upande wa Punia, mashini hawajaiona hata siku moja. Nikisema ukweli, nitafukuzwa siku hiyo hiyo, na nyuma yangu atawekwa mtu mwingine wa kusema uongo ule ule. Nikinyamaza, nitabaki kiwandani, labda nitakuwa karibu kuvuta kishikio mtoto mwingine akinaswa. Labda pia nitakuwa nje nashona magunia.

Ninyi akina baba na akina mama mnaosoma ukurasa huu, baadhi ya wale wanaokuja ni watoto wenu. Nikisimama mbele yao na mkono huu, mnataka wasikie nini kutoka kwangu? Niambieni kabla ya Jumatatu, tafadhali.