Nilimnyima Mke Wangu Wimbo Mmoja

Ndugu zangu, kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Jina langu msilitafute, nina aibu ya kutosha.

Mimi ni mzee wa kanisa, Mlutheri, mfanyakazi wa kiwandani hapa Chang'ombe. Baada ya Azimio la Arusha, Walutheri, Waanglikana na Wamoraviani wa mtaa wetu tulisali katika ukumbi mmoja, maana hakuna aliyekuwa na jengo lake. Akifa mtu, tulimzika pamoja. Tulipendana kweli!

Ukaja uchaguzi wa mwenyekiti wa umoja wetu. Nilijua ni mimi. Akachaguliwa Mama Atu, Mmoraviani wa Rungwe, mwanamke, na watu wa dhehebu lake hawajazi mabenchi mawili. Roho iliniuma. Nikawazungukia wazee wenzangu nyumba kwa nyumba, nikiwaambia imani yetu itapotea, kumbe nilililia kiti.

Nilifaulu, ole wangu! Tukajitenga sisi Walutheri. Nikaandika kwa mkono wangu kanuni mpya: katika msiba wa Mlutheri, asiye Mlutheri haongozi sala wala wimbo.

Mke wangu alizaliwa Mmoraviani, Mnyakyusa kama Mama Atu, akahamia kwetu kwa ndoa. Alipougua aliniomba jambo moja tu, kwamba akifa Mama Atu amwimbie kwa Kinyakyusa wimbo ulioimbwa wazazi wake walipozikwa. Nikamwambia atapona, tuyaache hayo. Hakupona.

Siku ya mazishi Mama Atu alinisogelea taratibu. "Shemeji, niruhusu nimwimbie mmoja tu. Nikimaliza nitakaa."

Mchungaji akanitazama. Wazee wakanitazama. Neno langu moja lingetosha! Nikaogopa kuonekana nimevunja kanuni niliyoiandika mwenyewe.

"Utaratibu hauruhusu, mama," nikamjibu.

Alirudi mkekani akakaa na wanawake wenzake. Tukaimba nyimbo zetu, tukafukia. Binti yangu alisikia yote. Siku hizi ananipa shikamoo na chakula, basi.

Mwezi uliopita nilishindwa kuvumilia, nikaenda kwa Mama Atu kumwomba aje auimbe pale kaburini. Alinikaribisha chai, akalia, nami nikalia.

"Shemeji," akasema, "wimbo ule ni wa kumsindikiza mtu. Mwenzetu ameshakwenda."

Ninyi mnaovutana makanisani kuhusu nani aongoze na nani akae nje, nawaomba msifuate njia yangu. Huyo mnayemfungia mlango huenda ndiye anayesubiriwa na mgonjwa wenu huko ndani.