Wimbo wa Shangazi wa Gavana

Kila alipoingia ukumbi wa kanisa, kabla hata ya kuvua koti, Muriel Sugden alitia pipi ya tangawizi shavuni. Alisema inalainisha koo. Koo lake lilikuwa laini siku zote. Alichokosa ni nafasi ya kulitumia.

Kikundi chetu cha waimbaji, sisi Waingereza wa hapa Yorkshire, kila baada ya miaka michache hurudia opera moja ya kuchekesha ya enzi za Malkia Victoria: gavana Mwingereza katika kisiwa cha koloni, na shangazi yake anayechumbiwa na nahodha. Sisi wa kwaya ndio wenyeji wa kisiwa. Zamani tulijipaka rangi ya kahawia usoni, mpaka tulipoona aibu tukaacha. Muriel alikuwa mwenyeji wa kisiwa tangu ujana wake. Alichotamani ni wimbo wa shangazi, auimbe mara moja tu mbele ya watu.

Lakini kwetu, aliyewahi kupewa nafasi ya mhusika, opera ikirudi ni yake mpaka aiache mwenyewe. Nafasi ya shangazi ilikuwa ya Winnie Ackroyd, na Winnie haachi kitu.

Opera iliporudi mara ya mwisho, Winnie alipasuliwa goti, akasema hawezi. Muriel akafanya mazoezi majira yote ya baridi, mimi nikimpigia piano. Sijasikia tena wimbo ule ukiimbwa vile.

Siku ya kujaribu mavazi, mlango ukafunguliwa: Winnie, na mkongojo wake.

"Jamani, mbona mnanitazama kama mzuka? Shangazi anaweza kuimba ameketi."

"Ulisema huwezi," Muriel akamwambia.

"Goti ndilo haliwezi, shoga. Mdomo haukupasuliwa."

Watu wakacheka. Muriel akamgeukia mwenyekiti wetu, Harold Clegg. "Harold, sema basi!"

Harold akajikuna shingo. "Unajua desturi yetu, dada. Safari ijayo."

"Safari ijayo nitakuwa kaburini."

Akavua gauni la shangazi, akavaa shuka la kwaya. Aliimba nyuma ya kiti cha Winnie maonyesho yote, kwa sauti ya chini, kama walivyotakiwa wenyeji wa kisiwa.

Opera haijarudi, na yeye hayupo tena. Mara ya mwisho nilimkuta hospitalini, amegeukia dirisha. Nilidhani amelala.

"Nilikuwa na adabu mno, mwanangu," akasema. "Lile goti ningelipiga teke."