Madamu Rudia na Darasa la Kelele

Saa mbili asubuhi, madawati yameshageuzwa yanatazamana. Nusu ya darasa wanaigiza wageni wa hoteli, nusu wahudumu wa mapokezi, na wanafunzi sabini wanaongea kwa mpigo. Somo ni Kifaransa. Mwalimu wa chumba cha jirani anagonga ukuta. Nyuma kabisa ameketi mkaguzi na kalamu yake.

Mwalimu wa darasa hili, mama wa watoto watatu ambaye wanafunzi humwita Madamu Rudia, anajipenyeza katikati ya madawati. Amefundisha miaka kumi na tisa, na uchovu umemjaa usoni. Mkaguzi ameshamwandikia mara mbili kwamba anasahihisha mno. Akiandika tena, atapokonywa darasa hili la mtihani, alilolilea tangu kidato cha kwanza.

"Wanasema mtoto akikosea nimwache, mradi ameeleweka," anasema. "Haya, ameeleweka na nani? Na mwenzake anayekosea vilevile!"

Hasemi kwamba njia hii ya kufundisha kwa mazungumzo ni mbaya. Ila hapa kitabu kimoja kinagombaniwa na wanafunzi watano, na mtihani wenyewe ni wa kuandika mwanzo hadi mwisho.

"Kumwambia mtoto aongee hali hana maneno ni kumkaribisha mtu chai, kisha unampa kikombe kitupu," anasema, na kucheka bila furaha.

Dawati la mbele, binti anayejifanya mgeni anakwama. Mhudumu wake naye hana neno. Wanatazamana, kisha wanaanza kusengenya watu kwa Kiswahili, tena kwa bidii. Wa jirani yao nao vivyo hivyo. Ukiwa nyuma, utadhani Kifaransa kimekolea. Mkaguzi anatabasamu na kuandika.

Madamu anaona yote. Akinyamaza tu, darasa linabaki lake.

Anapiga makofi. "Basi, nyamazeni! Wote, semeni baada yangu."

Tabasamu la mkaguzi linakauka.

Jioni, katika chumba cha walimu, ameshaambiwa: muhula ujao atafundisha kidato cha kwanza.

"Inaniuma, usinione nacheka," anasema. "Lakini ningekaa na watoto nikiwadanganya mpaka lini? Hao wadogo nitawapa maneno kwanza. Haba na haba. Wakishakuwa nayo, nani atawazuia kuongea?"

Na hawa wa mtihani je? Anajifuta chaki mikononi.

"Nimewaambia waje Jumamosi," anasema. "Jumamosi hakuna mkaguzi."