Nyuso Alizozipaka Shangazi

Mwezi uliopita nilirudi kisiwani Nosy Be, na pale sokoni Hell-Ville nikamkuta binti anawapaka wageni liwa usoni, ua shavu hili, ua shavu lile, haraka haraka kama karani anayepiga mihuri. Harufu ile ya mti mbichi ikanisimamisha. Rafiki yangu, pua haisahau.

Nilikulia jirani na hapo, Ambanoro, miaka ya mwanzo ya uhuru, mwalimu akitufundisha wimbo mpya wa taifa kwa fimbo. Nyumbani tulisema Kikomoro, nje Kimalagasi. Kiswahili kilikuwa cha dua za bibi tu. Hiki ninachokusimulia nacho nilikiokota baadaye kwa mume.

Shangazi yangu, dada wa baba, alizaliwa na miguu isiyosimama na mikono iliyokunjamana, isiyoshika kitu. Hakuna aliyemfundisha kuchora. Kazi yangu ilikuwa kusugua kipande cha liwa juu ya jiwe la tumbawe, maji kidogo kidogo, mpaka upatikane uji mzito. Yeye aliuma kijiti kwa meno, akachovya, akainamia uso wa mtu. Wachumaji wa maua ya langilangi walipita asubuhi kupakwa kabla ya jua kuwa kali, vitumbua vya moto mkononi, wakimtania kwamba anawabusu. Alicheka mpaka kijiti kikaanguka. Alichora majani na mawimbi ambayo sijawahi kuyaona kwa mwingine, na furaha yake yote ilikuwa hapo.

Kisha akaletwa binti wa jirani, bibi harusi. Shangazi alitaka kumpa kitu kipya. Akayaacha maua, akamtia doa moja jeupe kwenye paji la uso na jingine kwenye ncha ya pua, basi. Wallahi, alipendeza! Lakini mlangoni alikaa mwosha maiti, naye akaacha kutafuna tambuu yake. Kwetu maiti akishaoshwa hutiwa kafuri mahali pa kusujudia, kuanzia paji la uso na pua. Shangazi angejuaje? Hakuna aliyewahi kumbeba hadi msibani. Bibi aliinuka kuyafuta yale madoa, lakini wanawake walikwisha kuona.

Bibi harusi yule alikufa kwa homa kabla ya mwezi wa mfungo.

Wanawake wakaunganisha: shangazi alimpaka kama maiti, naye akawa maiti. Asubuhi barazani kwetu pakawa patupu, na waliopita walivuta mtandio mpaka puani. Siku moja tuliamka tukakuta majivu yamemwagwa kizingitini. Bibi aliyafagia huku anasoma dua, na baba akasema tunahama. Tukavuka bahari hadi Ankify, na kutoka hapo tukashika njia ya Mahajanga, tukapanga nyumba mtaa wa Mahabibo. Lakini maneno hayalipi nauli, yalifika nasi.

Huko Mahabibo dada yangu akaposwa. Bibi aliapa kwamba uso wa mjukuu wake hautaguswa na kijiti kile. Siku ya harusi dada alikuja mwenyewe, akakaa mkekani mbele ya shangazi, akafumba macho.

"Nipake wewe, shangazi. Simtaki mwingine."

Mimi nilikwisha kusugua liwa. Shangazi aliuma kijiti, akachovya, akainama. Meno yake yakaanza kugongana, nikayasikia. Akakitema kijiti.

"Ondoka mbele yangu, mwanangu," alisema. "Huenda ni kweli."

Nawachukia wale watu mpaka leo, Mungu anisamehe. Kumtenga walimtenga, lakini kumfanya ajiogope mwenyewe!

Dada aliolewa uso mkavu. Mwaka haukuisha, akafa kwa uzazi, yeye na mtoto. Wanawake walijaa nyumbani, wakalia, wakasema ni kazi ya Mungu. Shangazi alijiburura sakafuni mpaka katikati yao.

"Na huyu," aliuliza, "nani alimpaka?"

Shangazi hakuuma tena kijiti mpaka siku alipozikwa. Ningependa nikuonyeshe hata shavu moja alilolichora, lakini sina. Kila alichofanya kilioshwa jioni, na wengi wa wenye nyuso zile nao wamekwisha kufa.