Ng'ombe wa Dada Waliogeuka Gari

Baba aliuza ng'ombe wa mahari ya dada akanunua gari. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Bariadi huanza nalo, na wakishalisema hutikisa kichwa, nisijue kama wanacheka au wanasikitika.

Kwetu ng'ombe wanaoingia kwa ajili ya binti wana njia yao. Wanakaa zizini wakizaa, na kaka wa binti akifika umri wa kuoa, wao au ndama wao ndio wanaotoka kwenda kumletea mke. Dada yangu ni mmoja, na mimi ndiye mvulana pekee. Kwa hiyo wale ng'ombe waliotoka Dutwa dada alipoolewa, kila mtu aliwaona kuwa ni mke wangu wa baadaye, ila bado anatembea kwa miguu minne. Baba aliwapeleka mnadani kiangazi kilekile.

Gari lenyewe lilikuwa la Kiingereza, jeusi, refu, dashibodi yake ya mbao na viti vya ngozi nyekundu. Lililetwa na Mhindi aliyekuwa na kiwanda cha kuchambua pamba. Baba wakati huo alikuwa kijana wa kusukuma marobota, na kila asubuhi aliliona likiingia getini. Aliwahi kukemewa kwa kuliegemea. Kiwanda kilipotaifishwa mwenyewe akaondoka, gari likabaki kwa ushirika. Wenyeviti walilipanda kwenda mikutanoni, mmoja baada ya mwingine, mpaka ikafika miaka ya uhaba, tairi hakuna, betri hakuna, hata sabuni ya kulioshea hakuna. Likapandishwa juu ya matofali ndani ya ghala, likafunikwa magunia. Panya wakahamia kwenye viti.

Baadaye ushirika ulipoanza kuyumba, ukaanza kuuza vitu vilivyolala maghalani. Siku hizo gari bado lilikuwa kitu cha ajabu. Mtu mwenye gari, hata bovu, alikuwa na kitu ambacho fedha peke yake haikuweza kukuletea. Baba hakuwa mjinga, nataka hilo lieleweke. Kwa jinsi dunia ilivyokuwa mwezi ule, alibadilisha ng'ombe kwa kitu chenye thamani kuliko ng'ombe.

Tulilivuta kwa maksai kutoka ghalani hadi nyumbani. Watu walisimama kando ya njia.

"Mzee, mahari yenu ina matairi?" mmoja aliuliza.

"Haina," baba akajibu. "Ndiyo maana inavutwa."

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba na nilijulikana kwa kufungua redio na kuzifunga tena. Baba alinikabidhi ufunguo akasema, "Wewe ndiye fundi." Hakuna aliyenifundisha ufundi. Chini ya kiti cha dereva nilikuta kitabu cha gari, cha Kiingereza, chenye michoro ya injini iliyokatwa katikati kama papai. Nilikisoma neno kwa neno nikiwa na kamusi ya kuazima. Ilinichukua msimu mzima wa pamba kuthubutu kufungua boliti ya kwanza.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga nati naifungua tena kuhakikisha kwamba niliifunga. Nilisafisha kabureta mpaka baba akauliza kama nataka kulia ugali humo. Viti nilivitoa, nikashona upya sehemu zilizoliwa kwa ngozi ya mbuzi niliyoilainisha mwenyewe, na rangi ilipokataa kufanana na ile ya zamani nilibandua yote nikaanza upya. Vipande vya kromu nilivisugua kwa majivu na limau. Injini iliponguruma mara ya kwanza baba alivua kofia. Mimi nilisikia valvu moja inagonga, nikaizima, nikaifungua yote tena.

Miaka ikaenda hivyo. Mtu mmoja wa Nyashimo, mwenye duka kubwa barabarani, alikuja kulitaka. Baba akamwambia, "Kijana wangu hajamaliza." Alisema kwa kiburi fulani kizuri, mkono wake ukiwa begani kwangu. Mwenye duka akaenda zake. Sikujua wakati ule kwamba tulikuwa tumeangalia bei ya juu kabisa ikipanda baiskeli na kuondoka.

Kisha serikali ikafungua milango ya biashara. Wanunuzi binafsi wa pamba walianza kuja na mizani zao, na nyuma yao yakaja magari ya Kijapani yaliyotumika, madogo, meupe, yakipitia Dubai. Mwanzoni tuliyahesabu barabarani. Baadaye tukaacha kuyahesabu.

Dada alirudi mwaka huo. Alifika asubuhi, mtoto mgongoni, mkono wa kushoto umevimba toka kiwiko. Alimwamkia baba, "Mwangaluka, bhabha," baba akaitikia. Baba alimpisha kwenye kigoda akaenda kusimama karibu na gari.

Mtoto alikuwa wa kike, wa umri wa kuanza kuuliza maswali. Alilipenda gari tangu siku ya kwanza. Alijiangalia kwenye kofia za magurudumu na kujitolea ulimi.

Sasa nieleze jambo ambalo kwetu halihitaji kuelezwa. Mke akiondoka, ng'ombe hurudishwa. Wakirudi wote, ndoa imekwisha na mtoto anabaki kwa akina mama yake. Wasiporudi wote, mtoto ni wa waliotoa ng'ombe. Dada alilijua hilo kila hatua aliyopiga kutoka Dutwa. Hakuwa anaomba kutorudi kwa mumewe, hilo alikwisha kuliamua. Alikuwa anaomba abaki na mtoto.

Na zizini kwetu kulikuwa na maksai wa kulimia na majike mawili.

Baba mkwe wake alikuja na ndugu zake wawili. Alikuwa mzee mtulivu, mwenye adabu, na hilo lilifanya kila kitu kiwe kigumu zaidi. Nilikuwa nimetumaini angefoka.

"Mkwe," akamwambia baba, "ng'ombe wangu wako wapi?"

Baba akaelekeza mkono. "Wale pale."

Mzee akalitazama gari. Akalizunguka polepole, kama mtu anayekagua jike mnadani, akainama akachungulia chini ya bampa.

"Linakamuliwa wapi?"

Ndugu zake wakacheka. Baba naye akacheka, hakuweza kujizuia.

"Na tangu mwaka ule limezaa mangapi?" mzee akaendelea. "Maana jike langu lile jeusi lenye baka jeupe lilikuwa halikosi kila mwaka."

"Halijazaa," baba akasema.

"Tasa."

"Panda kwanza ulione, mkwe. Uchukue hili, tumalizane."

Nikawasha. Liliitika mara moja, kimya kama mashine ya kushonea. Niliwazungusha mjini, hadi stendi na kurudi, mzee akiwa mbele, viganja vimetulia juu ya magoti. Niliona anafurahia. Niliona anapitisha kidole kwenye mbao ya dashibodi niliyoipaka vanishi mara nyingi nisizotaka kuzitaja. Nikafikiri, atakubali. Kazi hii haina kasoro, atakubali.

Tuliporudi alishuka akafunga mlango taratibu. "Kiti ni laini," akasema. "Umefanya kazi, mwanangu. Lakini mimi nilileta ng'ombe."

Aliondoka akituachia muda hadi mavuno ya pamba yaishe.

Baba akaanza kutafuta mnunuzi. Mwenye duka wa Nyashimo alikuwa tayari ana gari jeupe la Dubai. Alitukaribisha soda, akatuonyesha kiyoyozi. Waliokuja kuliangalia lile letu walilisifu, wakapiga nalo picha, wakaenda. Mwishowe akaja kijana mmoja mnunuzi wa pamba kutoka Mwanza, hakunizidi sana umri, miwani ya jua kichwani.

"Nitalikodisha kwa maharusi," akasema. "Watu wa mjini wanapenda vitu vya zamani."

Akataja bei. Baba akapapasa boneti.

"Hili ni gari la kifahari, kijana."

"Lilikuwa, mzee wangu. Kwa pesa unayoitaka wewe naagiza mawili, yenye redio."

Nilitaka kumwambia kuhusu valvu. Nilitaka kumfungulia boneti nimwonyeshe nyaya nilivyozifunga, kila moja na njia yake. Nilimfungulia kweli. Akatazama akasema, "Safi," akaangalia saa.

Baba akakubali. Kijana alilipa, tukakubaliana nimpelekee gari Nyashimo, kwenye barabara kuu ya Mwanza, kwa sababu niliomba siku chache nimalizie rangi ya mlango mmoja wa nyuma. Hakuna mwingine aliyeona kasoro kwenye mlango ule. Fedha zote zikaenda mnadani, zikarudi ng'ombe. Tukaongeza majike yetu mawili. Tulipowapanga pale zizini, hata mimi nisiyejua mifugo niliona kwamba kundi ni pungufu. Waliswagwa hadi Dutwa na jibu likarudi na waswagaji: dada yuko huru, mzee hana kinyongo, mtoto atakuja kuchukuliwa.

Dada alipoambiwa alikuwa anachambua dengu. Aliendelea kuchambua. Nilikaa karibu naye, nikajikuta nachambua mawe aliyokwisha kuyatupa.

Mzee alikuja mwenyewe kwa basi la asubuhi. Siku hiyo ndiyo niliyopanga kupeleka gari Nyashimo, na njia ya Nyashimo inapita Dutwa. Baba ndiye aliyesema twende pamoja. Hakuweza kuvumilia mjukuu wake kuondoka amebanwa kwenye basi wakati gari la kifahari liko uani linakwenda njia hiyohiyo. Nadhani aliona ndiyo heshima pekee aliyobaki nayo ya kutoa. Yeye hakuja. Dada akasema atafika nao hadi barabarani tu.

Nilipokuwa nafuta kioo, dada alikuja akasimama nyuma yangu.

"Likiharibika njiani?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Haliharibiki," nikasema.

Nilisema kwa majivuno. Ilikuwa sentensi niliyoingoja miaka yote ile niweze kuisema. Yeye akabaki amesimama kidogo, kisha akaenda kumvalisha mtoto viatu.

Tulipofika barabarani dada hakushuka. Tulikuwa tumeuacha mji nyuma, mashamba ya pamba yamevunwa yakabaki mabua makavu, ndipo nilipoelewa alichokuwa ananiuliza.  Mzee alikuwa mbele, pembeni yangu. Nyuma mtoto alikuwa amepiga magoti kwenye kiti akiangalia vumbi letu na kumwuliza mama yake mbona vumbi halitupiti. Kwenye kioo nilimwona dada. Hakuwa ananitazama. Alikuwa ameshika kisigino cha mtoto.

Nikasimamisha gari kando, nikazima.

"Kuna nini?" mzee akauliza.

"Naangalia kidogo."

Nikafungua boneti ili inifiche. Injini ilikuwa safi. Nilisimama pale nikitafuta kitu kibovu na hakikuwapo, nilikuwa nimekiondoa kila kibovu kwa mikono yangu. Ndani ya distributa kuna kipande kidogo kinachozunguka na kugawa moto kwenye plagi. Nikakichomoa, nikakitia mfukoni. Nikarudi nikajaribu kuwasha. Injini ikazunguka bila kushika. Sijawahi kulifanyia gari kitu cha namna ile, ilikuwa kama nimempiga mtu.

"Limekataa," nikasema.

Tulikaa. Jua lilipanda. Lori la pamba lilipita, dereva akauliza kama tunahitaji msaada, nikawahi mno kusema hapana. Mzee alinitazama. Hakuwa fundi, lakini alikuwa mtu mzima.

"Litachukua muda mrefu?"

"Sijui, baba. Huenda hata leo lisipone."

Akatafakari. Nilianza kuona siku nzima mbele yetu, tukirudi Bariadi kwa miguu, mzee akisema atakuja wiki nyingine, na wiki nyingine tena. Sikuwa na mpango zaidi ya hapo.

Mzee akafungua mlango, akashuka, akazunguka nyuma. "Njoo, mjukuu wangu," akasema. "Dutwa siyo mbali sana. Tutatembea."

Mtoto alishuka akaruka chini kwa miguu yote miwili, akashika kidole alichopewa. Alimpungia mama yake mkono kama mtu anayekwenda dukani. Wakaondoka wakifuata ukingo wa barabara, hatua za mzee zimefupishwa zilingane na za mtoto.

Dada hakulia wala hakushuka. Nilikwenda kwenye dirisha lake. Nilikuwa nimekishika kile kipande mkononi, nimesahau kukificha.

Alikitazama, kisha akawatazama wale wawili, ambao walikuwa bado karibu kiasi cha kuonekana kwamba mtoto anaburuza mguu mmoja.

"Vile viatu vinambana," akasema. "Na jua hili."

Nilikifumba kile kipande kiganjani.

"Rudisha hicho kitu, mdogo wangu. Tumpakie, tumfikishe."

Nikarudisha. Nilikifuta kwanza kwa kitambaa, mazoea tu. Gari liliwaka palepale. Hatukwenda mbali tukawafikia, mzee akiwa tayari amembeba mtoto mgongoni, naye amevuliwa viatu. Nikasimama. Dada akainama akafungua mlango wa nyuma kwa ndani, akasogea ili wapate nafasi.