Pango Lisilo na Njia

Mchonga picha wa mtaani kwetu, hapa Antwerp, hachezeshi mkono akichonga. Huzungusha bamba la shaba la kupigia chapa picha juu ya kimto cha ngozi, na mkono umetulia kama wa mtu aliyelala. Hajawahi kulala nje ya kuta za mji, lakini huchonga majabali na misitu ya kutisha huku akitafuna mkate. Pembeni huacha nafasi ndogo kama kidole gumba. Mtakatifu wa kukaa hapo huja mwisho, yeyote anayetakiwa na muuzaji wa picha. Binti yangu Digna alikuwa akiibusu picha moja ya hizo kila jioni, mpaka akaingia utawa, kwenye nyumba ambayo hata mama haoneshwi uso wa mwanawe. Jana nilikwenda kumlaumu mchongaji. Nikamkuta anamalizia mtawa wa kike pangoni, na pua ni ya Digna.

“Wewe! Umemtia mwanangu humo?”

“Alizoea kuja hapa, Mama Digna. Ana uso wa sala.”

“Basi mchongee njia ya kurudi.”

Akapuliza chembe za shaba, akacheka kidogo. “Penye njia nani atapiga magoti, mama?”

Akazungusha bamba, akaendelea kujaza miiba mlangoni mwa pango.